Niwachoree wazazi mandhari ya nyumbani ilivyo leo, au wanavyoikumbuka?

SWALI: Ndugu Mhariri, wazazi wangu walihama mahali tulipozaliwa miaka mingi iliyopita, nami nataka kuwachorea mandhari ya pale iwe zawadi ya maadhimisho ya ndoa yao, miezi miwili ijayo. Picha niliyoipiga kwa simu hivi karibuni inaufanya mlima uonekane kama kilima, na mti mkubwa uliokuwa mbele ya nyumba umekwisha kukatwa. Je, nifuate picha au kumbukumbu? Na nitumie rangi za mafuta au za akriliki?

JIBU: Ndugu msomaji, macho yako hayakukudanganya. Lenzi ya kawaida ya simu hutengenezwa ichukue eneo pana, hivyo vitu vya mbali huonekana vidogo kuliko tunavyovihisi tukiwa tumesimama papo hapo. Una haki kamili ya kuuinua mlima huo hadi ufikie kimo ulichokuwa nacho machoni pa familia yako. Picha itakufaa kwa maumbo, kama vile mteremko wa paa na kona ya njia, lakini usiichukulie rangi zake, hasa za vivuli, ambavyo kamera huvitia weusi mtupu ilhali jicho huona ndani yake samawati, zambarau na hata kijani.

Kuhusu mti, nakushauri bila kusita uurudishe, kwa kuwa huenda huo ndio wa kwanza kutafutwa na mama yako atakapofunua zawadi. Hata hivyo, ukiurudisha, chagua wakati mmoja na ushikamane nao: mti wa zamani usisimame mbele ya ukuta uliojengwa mwaka jana. Waulize wazazi kidogo kidogo, kana kwamba mnazungumza tu, walikuwa wakikaa wapi jioni, na jua lilizama upande gani wa nyumba. Majibu hayo yana thamani kuliko picha kumi, kwa sababu mtu aliyeishi mahali kwa miaka mingi hutambua mara moja kivuli kilichoangukia upande usio wake. Kisha chora kutoka pale walipozoea kukaa, hata kama kuna mahali pengine panapoonyesha mandhari nzuri zaidi.

Umbali usikutie hofu. Mwingereza John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776, alichora picha zake kubwa za bonde la mto Stour, alikokulia, akiwa katika chumba chake cha kazi London, akitegemea michoro midogo aliyoifanya kwenye eneo lenyewe. Nawe anza na michoro midogo mitatu au minne ya penseli kabla ya kugusa kanvasi. Mlima uchanganyie samawati na nyeupe kidogo, na kingo zake uzilainishe, maana hewa iliyo kati yetu na vitu vya mbali huvipunguzia ukali na kuvitia usamawati; rangi nzito na zenye joto zibaki kwa mti na ardhi ya mbele.

Kwa muda ulio nao, tumia akriliki. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, bali mafuta yake hugandishwa na oksijeni ya hewani, na tabaka nene linaweza kuhitaji miezi 6 au zaidi kabla ya kupakwa vanishi ya mwisho. Akriliki hukauka maji yake yakitoka, na tabaka jembamba mara nyingi huwa tayari kabla saa moja haijapita. Kasoro yake ni kwamba huzidi weusi kidogo ikikauka, kwa hiyo jaribu rangi ya anga kwanza kwenye karatasi na usubiri.

Ukimaliza, andika jina la mahali na mwaka kwa penseli kwenye fremu ya mbao upande wa nyuma, si kwa wino juu ya kitambaa, kwa kuwa wino unaweza kupenya hadi mbele.