Mzee aliyekufundisha ana jina, liandike

Mwanafunzi mmoja wa uzamili kaniandikia wiki hii. Anatafiti uvuvi wa dema, ule mtego wa kusukwa wa kunasia samaki, na sura nzima ya tasnifu yake kaipata kwa mzee mmoja wa kijijini. Msimamizi kamwambia aweke "mahojiano binafsi", yatosha. Afanyeje?

Jambo hili linaniuma hadi leo. Ami yangu, Mpemba, alikuwa mtega madema. Alijua dema litegwe wapi siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wapi siku za maji mafu, yanaposogea kidogo, mdomo wake uelekee wapi, na mwani gani unamvuta samaki aitwaye tasi. Akaja mtafiti, akapanda ngalawa yake, akala kwake. Makala ilipotoka, wafadhili walishukuriwa kwa majina. Ami akawa "wavuvi wa eneo hilo". Nilipomsomea aliuliza neno moja tu: "Mimi nimo wapi?"

Kwa hiyo kwenye tasnifu yangu nilimwingiza katika marejeo, kwa mpangilio wa alfabeti, katikati ya maprofesa. Nilibishana sana kulipata hilo, na najivunia.

Jueni tofauti iliyopo kati ya kutajwa hivyo na kuambiwa "mahojiano binafsi". Kwa APA, mtindo mmoja wa kuandika marejeo, mawasiliano binafsi, yakiwemo mahojiano kama hayo, hutajwa ndani ya matini tu, hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Huko Kanada, mkutubi Lorisia MacLeod, wa James Smith Cree, jamii ya wenyeji wa asili wa huko, alichapisha mwaka 2021 kiolezo kinachowaingiza wazee kwenye orodha: jina, jamii, anapoishi, mada aliyoizungumza na tarehe. Si kazi ngumu.

Lakini ridhaa kwanza. Muulize mzee kama anataka jina lake litokee, na lipi, maana wengine wanajulikana kwa jina ambalo halimo kwenye kitambulisho. Akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe, hata kama ndilo lingekupa alama. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walitoa kanuni zao za utafiti mwaka 2017, na la kwanza wanalodai ni heshima. Sisi tunangoja nani atudai?

Kisha rudi umsomee ulichoandika kabla hujakikabidhi. Atakurekebisha, tena utashukuru.

Msimamizi akiendelea kukataa, usigombane naye. Mpelekee kiolezo hicho kimechapwa, pamoja na sura yako, umefuta kila sentensi iliyotoka kwa mzee. Aone kinachobaki.