Kabla Hujaiamini Namba ya Setilaiti: Kwa Wanaoanza Kupanga Nishati Jadidifu

Kijana anayeanza kazi ya kupanga nishati jadidifu hapa Dar es Salaam hukabidhiwa mapema ramani za mionzi ya jua, picha za mabwawa na za taa za usiku, nyingi zikipatikana bure. Kabla hujaingiza namba yoyote kwenye hesabu, fahamu setilaiti ilitazama saa ngapi, na kila nukta ya picha imefunika eneo lenye ukubwa gani.

Data nyingi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ukichora mionzi ya jua ya Dar es Salaam bila kurekebisha, kilele kitaangukia mnamo 9:20, yaani saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ilhali kwa kweli ni saa sita na dakika ishirini hivi mchana. Betri nayo utaipangia kuanza kutoa umeme alasiri, paneli zikiwa bado zinazalisha.

Kwenye taa za usiku suala hili lina uzito zaidi, na hapa naomba usome taratibu. Kihisio cha setilaiti kiitwacho VIIRS, kinachotumika sana kukadiria ni vijiji gani vina umeme, hupita juu yetu mnamo saa saba na nusu usiku, wakati ambapo familia nyingi zimeshazima taa na kulala. Kijiji kinachoonekana cheusi kinaweza kuwa na nguzo, mita za Luku na friji dukani. Ukikiandika kuwa hakina umeme, fedha zitapelekwa kusikohitajika na kijiji chenye giza la kweli kitaendelea kungoja. Linganisha kwanza na kumbukumbu za TANESCO na REA (Wakala wa Nishati Vijijini), kisha mpigie simu mtendaji wa kijiji. Simu hiyo mimi naithamini kuliko ramani yoyote.

Kuhusu ukubwa wa nukta, picha za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa, za ukanda wa Bahari ya Hindi hupigwa kila dakika 15, na nukta yake ni takribani kilomita 3 kwa 3. Kwenye rasi ya Msasani, nukta moja inaweza kubeba bahari, ufukwe wa Coco na mapaa ya Oysterbay kwa pamoja, ingawa upepo wa bahari unaweza kusukuma mawingu bara na kuuacha ufukwe wazi. Kwa mradi mkubwa, funga piranomita, kifaa cha kupima mionzi ya jua, kwenye eneo lenyewe kwa angalau mwaka mzima, na uhakikishe inafutwa vumbi na chumvi.

Kwa bwawa la Mtera, ambalo maji yake huzungusha mitambo ya hapo hapo yenye megawati 80 na baadaye ile ya Kidatu yenye megawati 204, tumia rada ya setilaiti ya Sentinel-1 msimu wa mvua, kwa kuwa hupenya mawingu. Maji tulivu huonekana meusi, lakini upepo ukiyakoroga hung'aa, na programu huweza kuyahesabu kuwa nchi kavu. Ukiona bwawa limepungua ghafla katikati ya mvua, angalia upepo wa siku hiyo kabla hujatoa tahadhari ya upungufu wa umeme.