Mama yuko kwenye kemo: atembee au alale?

Dada, umeuliza kama mama alale tu mpaka amalize kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa. Hapana. Uchovu wa saratani hauishi kwa usingizi peke yake, kujongeajongea huupunguza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataja angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki hata kwa waliopona saratani, ila msimtishe na hesabu hiyo sasa. Aanze kitandani hadi mlangoni, au asimame na kuketi kitini mara tano. Akiweza kuongea huku anatembea, mwendo huo unatosha. Akipata homa au kifua kikimbana, aache, mpelekeni hospitali. Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, muulizeni daktari kwanza. Na tembeeni naye jamani, amri za kutoka kwenye kochi hazisaidii.