Mbalamwezi isikuvunje moyo

Dada yangu muuza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, umeuliza ufanyeje usiamke na mawazo mabaya, hasa mbalamwezi ikiwaka na mzigo kuadimika. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, hilo si kosa lako. Wavuvi siku hizo hushona nyavu. Nawe panga hesabu, lala mapema.

Simu usiishike kabla ya chai. Mimi nilikuwa naamkia meseji za madeni, siku inaharibika hata uso sijanawa!

Jioni andika mauzo, na chini yake jambo moja lililokwenda vizuri, hata mteja aliyelipa bila usumbufu (wapo, wachache). Usingizi ukikata wiki mbili mfululizo, nenda kituo cha afya.