Snokeli au skuba kwa anayeanza: masikio yako yanasemaje?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunakwenda likizo ya siku sita baharini. Yeye anaogelea vizuri, mimi kiasi tu. Hatujawahi kuzamia. Yeye anataka twende moja kwa moja skuba, yaani kuzama na mtungi wa hewa, anasema snokeli, ile ya kuelea uso majini ukipumulia bomba, ni ya watoto. Mimi navaa miwani ya macho, nilikuwa na pumu utotoni, na ndege ikianza kushuka masikio huniuma sana. Siku ya sita asubuhi tunapanda ndege kurudi. Tuchague ipi?

JIBU: Nzuri, dada. Anzeni na snokeli siku ya kwanza, wote wawili. Skuba iwe siku ya pili au ya tatu, kama daktari na masikio yako wameridhia. Siku ya tano msiguse mtungi.

Hilo la snokeli kuwa ya watoto nalisikia kila msimu. Ukweli ni kwamba kwenye skuba ya majaribio, ile ya kuonja tu bila cheti, mgeni hulindwa kuliko kwenye snokeli. Mwalimu yuko ubavuni mwake, ndiye anayeangalia kina, kiasi cha hewa na muda. Snokeli mara nyingi mnapewa vifaa mkaachiwa bahari yenu, na mkondo hauulizi nani mgeni. Kwa hiyo msiichague kwa kudhani haina hatari, wala msiikatae kwa kudhani haina maana.

Kinachoamua skuba kwa anayeanza ni masikio zaidi ya ujasiri. Mita 10 chini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mita 20, mara tatu. Maana yake badiliko kali kuliko yote liko kwenye zile mita 10 za mwanzo, palepale mgeni anapopelekwa. Hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio inasinyaa, ngoma inavutika kwa ndani, na maumivu yanaanza. Unachofanya ni kubana pua, kufunga mdomo na kusukuma hewa polepole mpaka usikie masikio yamezibuka. Anza ungali juu ya maji, kisha rudia kila unaposhuka kidogo, kabla hayajauma. Yakishaanza kuuma umechelewa: panda nusu mita au mita moja, jaribu tena. Usilazimishe, ngoma ya sikio hupasuka.

Wewe jipime leo hapo ulipokaa. Bana pua, sukuma kwa upole. Yakizibuka yote mawili, ni dalili nzuri. Moja likigoma hata nchi kavu, muone daktari wa masikio kabla ya safari. Na ukipata mafua huko, ahirisha. Usimeze dawa ya kuzibua pua ukajirusha majini, kwa sababu inaweza kuisha nguvu ukiwa bado chini.

Pumu ni jambo zito zaidi. Kabla ya kuzama utajaza fomu ya afya, na ukijibu ndiyo kwenye swali la pumu utatakiwa kuleta saini ya daktari. Kuna watu hujibu hapana ili wasikose zamu yao. Usithubutu. Hewa ya mtungini unaivuta ikiwa na mgandamizo uleule wa maji yanayokuzunguka. Mapafu yaliyojaa lita 4 kwenye mita 10 yangehitaji nafasi ya lita 8 ukifika juu bila kutoa pumzi. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya skuba ni kutoshika pumzi, na ndiyo maana mapafu yenye njia nyembamba, yanayoweza kunasa hewa, yanamtia daktari wasiwasi. Pumu ya zamani si lazima ikuzuie, ila anayeamua ni daktari baada ya kuyapima mapafu yako. Nenda kabla ya safari. Kumtafuta likizoni kutakula siku nzima.

Mumeo naye, kuogelea vizuri hakumsaidii kama anavyodhani. Chini ya maji anayefaidi ni mtulivu, anayepumua taratibu na kuacha mikono ipumzike. Waogeleaji hodari huja na papara, na hewa inawaishia mapema. Hata kwenye snokeli nina neno naye, maana watu wa aina yake hupenda kuzama kwa pumzi moja. Asivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama. Zinapunguza kabonidayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayomhimiza mtu kupumua. Oksijeni inaweza kuisha asihisi lolote, akazimia ndani ya maji. Waogeleaji wazuri hufa hivyo.

Miwani ya macho haivaliki ndani ya miwani ya kuzamia, kwa kuwa mikono yake inaacha mwanya usoni na maji yanaingia. Ulizia mapema kama wana zenye lenzi za macho. Kuijua inayokutosha ni rahisi: ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikibaki imeshika, ni yako. Mumeo kama ana masharubu mazito ajue yanapitisha maji.

Siku ya snokeli, simameni kwenye maji ya kiunoni, mtie uso majini mpumue kwa mdomo dakika kadhaa bila kwenda popote. Kama kila mara unataka kuing'oa miwani, skuba iache kwa safari hii. Kama baada ya muda umesahau kwamba unapumulia bomba, uko tayari. Vaa jaketi la kuelea na fulana ya mikono mirefu, maana mgongo na nyuma ya magoti huungua jua bila mtu kujua. Anza kuogelea ukielekea mkondo unakotoka, ili wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, ukusukume. Na msikanyage matumbawe.

Skuba ya majaribio huanza na maelezo, halafu mazoezi kwenye maji mafupi: kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani, na kurudisha mdomoni kifaa cha kupumulia kikichomoka. Baada ya hapo mnashuka, mwisho mita 12. Msione ni kidogo. Rangi nyekundu huanza kufifia mita chache tu chini, hivyo uzuri mwingi uko huko juu. Uliza mwalimu mmoja anachukua wageni wangapi. Mimi zaidi ya wawili sipendi. Cheti kamili, kinachoruhusu hadi mita 18, huchukua siku tatu au nne, na kwa likizo ya siku sita nisingewashauri.

Kuhusu ndege: ukipumulia mtungi, naitrojeni huyeyuka mwilini na huhitaji muda kutoka. Ukipanda juu kabla haijatoka, hutengeneza mapovu kwenye damu na viungo. Baada ya kuzama mara moja, subiri angalau saa 12. Mkizama mara kadhaa au siku mfululizo, angalau saa 18. Snokeli haina sharti hili, kwa hiyo siku ya tano ogeleeni nayo mtakavyo. Tahadhari hiyohiyo ya naitrojeni inahusu kupanda milima mirefu, hata kwa gari.