Kwa unayeanza kazi steshenari: panga menyu za kompyuta kabla msimu haujafika

Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ukifika, steshenari za Iyunga hapa Mbeya, jirani na chuo kikuu cha MUST, zinajaa tangu asubuhi. Kila mtu ana flashi, cheti cha kuzaliwa na picha ya pasipoti saizi. Utalaumu printa, lakini mara nyingi foleni inacheleweshwa na safari za mausi: fungua folda, rudi nyuma, tafuta, nakili, bandika.

Siku za mwanzo usibadilishe chochote. Tazama tu mkono wako unarudia wapi. Safari inayojirudia ndiyo ya kukatiwa njia, zingine ziache. Nimeona vijana wakijaza njia za mkato (shortcut, vialama vya kufungulia kitu moja kwa moja) hadi kioo hakionekani, halafu wanazitafuta kama wanavyotafuta faili.

Anza na "Send to", ile menyu inayotokea ukibofya faili kwa kitufe cha kulia. Wengi huitumia kupeleka faili kwenye flashi, basi. Kumbe orodha yake inatoka kwenye folda ya kawaida unayoweza kuifungua: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:sendto, piga Enter. Weka humo njia ya mkato ya folda ya skani za leo, au ya programu unayokatia picha, na jina lake litatokea kwenye menyu. Usivyotumia vitoe. Kuna mstari wa faksi pale. Nani anatuma faksi Mwanjelwa siku hizi? Kwenye Windows 11 shikilia Shift unapobofya kulia, vinginevyo utaletewa menyu fupi isiyo na "Send to".

Hapa uwe makini. Ukituma faili kwenye folda iliyo diski ileile, faili linahama. Ikiwa ni diski nyingine, linanakiliwa. Mteja akirudi kesho na kukuta cheti chake hakipo pale alipokiacha, hutakuwa na la kumwambia. Unapotaka nakala, shikilia Ctrl wakati wa kuchagua. Likishahama kwa bahati mbaya, Ctrl na Z hapohapo, kabla hujafanya jingine.

Folda unayoifungua kutwa nzima ipe vitufe vyake. Weka njia yake ya mkato kwenye desktopu, ifungulie "Properties", kisha kwenye "Shortcut key" bonyeza herufi moja. Windows yenyewe itaongeza Ctrl na Alt. Ukiihamishia njia hiyo ya mkato ndani ya folda nyingine, vitufe havitafanya kazi. Kubadili majina ya skani tumia F2, andika, kisha Tab ikupeleke faili linalofuata. Mwezi wa saba, vidole vikishakufa ganzi kwa baridi ya Mbeya, utashukuru kutogusa mausi.

Ukichagua faili zaidi ya 15 kwa pamoja, amri ya kuprinti inatoweka kwenye menyu. Printa haijaharibika. Windows ndivyo ilivyopangwa, kwa hiyo gawa mafungu.

Rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, sitakufundisha leo. Kompyuta ni ya bosi, na kosa dogo mle linaweza kuiangusha mashine nzima. Programu kama WinRAR, ile ya kubana faili, zikijijazia mistari kwenye menyu, zipunguze kupitia mipangilio ya programu yenyewe.

Si kila njia ya mkato ni rafiki. Flashi ya mteja ikifunguka na folda zote zina kamshale pembeni, usibofye hata moja. Badili mwonekano uwe "Details", soma safu ya "Type". Ikiandikwa "Shortcut" mahali palipotakiwa kuwa na folda, hicho ni kirusi: folda halisi zimefichwa, na unachokiona ndicho kinachokiamsha. Piga skani ya antivirusi kwanza, mteja asubiri.

Na kila njia unayoiweka ipe jina la Kiswahili linaloeleweka, "Vyeti vya leo", siyo "xx2", ili mwenzako wa zamu ya jioni asikupigie simu ukiwa umebanwa kwenye daladala ya Uyole.