Malaria, selimundu na darubini ya baridi kali: maswali yenu

Tangu nigusie hapa tomografia ya elektroni, njia ya kutazama protini zikiwa mahali pake ndani ya seli iliyogandishwa, maswali yamemiminika. Nayajibu haya kwanza.

Darubini ya zahanati huonyesha vijidudu vya malaria. Hiyo yenu inaongeza nini? (Ahero)

Ya zahanati hutumia mwanga. Damu ya kidoleni, rangi ya Giemsa, tone la mafuta, na picha hukuzwa mara 1,000. Unamwona kijidudu kama kipete chenye kito cha zambarau, basi. Protini zake huzioni. Yetu hutumia elektroni badala ya mwanga, nazo hutufikisha kwenye nanomita, sehemu moja ya milioni ya milimita. Sampuli huinamishwa kidogo kidogo, kama digrii 60 upande huu na 60 upande ule, ikipigwa picha kila hatua. Kompyuta huziunganisha, ukapata umbo lenye kina, kama mashine ya CT inavyofanya kwa kichwa cha mgonjwa.

Barafu si itapasua seli? (Kondele)

Itapasua, ikiganda polepole. Weka ngege kwenye friza ya nyumbani, umtoe baada ya wiki: maji yanamchuruzika na nyama imelegea, kwa kuwa chembe za barafu zimezitoboa seli zake. Dawa ni kasi. Sampuli nyembamba hutumbukizwa ghafla kwenye ethani, gesi iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, yenye baridi ya karibu -180°C, na maji hukamatwa kabla hayajajipanga kuwa chembe. Yanabaki kama kioo. Mwanasayansi Jacques Dubochet na wenzake walifanikiwa hivyo mjini Heidelberg mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2017 alipata Nobel ya kemia pamoja na Joachim Frank na Richard Henderson.

Kipande cha ini au ubongo ni kinene. Elektroni zinapitaje? (Nakuru)

Hazipiti. Kwanza kipande hugandishwa chini ya shinikizo la takriban mara 2,000 ya lile la hewa, ili hata katikati pasiwe na chembe za barafu. Kisha mwale wa ioni (atomi zenye chaji ya umeme) hukichonga juu na chini hadi kibaki kijiwambo cha nanomita 100 hadi 200. Unywele wako mmoja ni mnene mara mamia kuliko hapo.

Hizo ni mashine za Ulaya. Sisi wa Siaya zinatuhusu nini?

Zinatuhusu damuni. Kijidudu cha malaria cha Plasmodium falciparum kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu hupeleka protini za kunata hadi juu ya utando wa chembe hiyo, ili chembe ing'ang'anie ukuta wa mshipa na isifike kwenye wengu, ambako ingechujwa. Lakini mzigo huo unasafirije, wakati chembe nyekundu iliyokomaa haina njia za ndani za kusafirishia? Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2011 ulitumia tomografia hii, na jibu likaonekana: kijidudu huchukua aktini, protini ya kutengeneza nyuzi, ya chembe yenyewe na kujijengea nyuzi hadi kwenye utando. Vifuko vya mzigo vinaonekana vimeshikamana nazo. Kwenye damu yenye himoglobini S (ile ya selimundu) au C, aina zilizobadilika za protini inayobeba oksijeni, nyuzi hizo zimevurugika. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya mwenye jeni moja ya selimundu kukingika na malaria kali. Ungezisaga seli hizo usingelijua hili kamwe, maana siri ilikuwa katika mahali kila kitu kilipokaa.

Naomba mnisikie vizuri, hasa wazazi: kinga hiyo ni ya mwenye jeni moja. Mtoto mwenye jeni mbili ni mgonjwa, na malaria humtesa vibaya. Alale ndani ya neti, na dawa za kinga alizopewa kliniki zisikatizwe.

Naweza kupimwa kwayo hospitalini? (Homa Bay)

Hapana, ni chombo cha utafiti. Malaria yako itajulikana kwa tone la kidoleni.

Niko kidato cha nne. Bila mashine naweza kuanza? (Kakamega)

Unaweza, na ningefurahi sana. Elektroni nyingi huharibu sampuli, kwa hiyo hutumika chache, na picha hutoka zikiwa na ukungu. Anayeweza kuifundisha kompyuta kutambua ribosomu, viwanda vya protini vya seli, ndani ya ukungu huo anatafutwa. Picha ghafi zimewekwa wazi, bila malipo, kwenye EMPIAR, hifadhi ya mtandaoni ya picha za darubini za elektroni. Faili ni kubwa mno, kwa hiyo tafuta kompyuta ya maktaba yenye intaneti nzuri, na wakati huo huo ushike hisabati na kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.